Saspensheni ya kispoti au inayojirekebisha: Ipi itakufikisha Bungu?

KILA mwisho wa mwaka, barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Chalinze na Segera hufurika magari madogo ya watu wanaorudi kwao kwa ajili ya sikukuu. Wengi huendelea hadi Same, Moshi na Arusha. Wengine huishia Korogwe, wakaiacha lami na kuanza kuipanda milima ya Usambara Magharibi kuelekea Bungu, Dindira na Vugiri.

Miongoni mwa magari hayo yamo mengi ambayo hapo awali yalikuwa ya wakubwa wa makampuni nchini Japani au Ujerumani: Toyota Crown, Mark X, Mercedes-Benz za madaraja ya E na S, na BMW za mfululizo wa 5. Hali yake baada ya safari hutofautiana sana. Moja hurejea mjini likiwa kama lilivyoondoka. Jingine, lenye injini ileile na umri uleule, hurejea likigonga kwenye kila tuta, rimu imepinda na shokapu zinavuja mafuta.

Mara nyingi tofauti hiyo ilikwisha kuamuliwa siku gari liliponunuliwa, katika jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa. Huuliza ukubwa wa injini, rangi, kilomita zilizotembewa na gharama za kulitoa bandarini. Hawaulizi gari limewekewa saspensheni ya aina gani.

Bungu inayozungumzwa hapa ni ile ya wilayani Korogwe, mkoani Tanga, si Bungu ya Kibiti iliyo kando ya barabara ya kwenda Lindi. Majina ni yale yale, lakini kwa mwenye gari la chini tofauti ni kubwa: ya Kibiti hufikiwa kwa lami, ya Korogwe inataka kupanda mlima.

Saspensheni ni mkusanyiko wa vifaa vinavyounganisha magurudumu na bodi ya gari. Kazi zake ni mbili, na aghalabu hupingana. Ya kwanza ni kuuzuia mshtuko wa tuta au shimo usifike kwenye kiti cha abiria. Ya pili ni kulibana tairi ardhini muda wote, ili usukani na breki viwe na mahali pa kushika.

Ndani ya mkusanyiko huo, springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Ingeachwa peke yake, gari lililopita kwenye tuta moja lingeendelea kunesanesa hadi tuta la pili. Shokapu ndiyo inayoukata mneso huo. Ndani yake mna pistoni inayotembea katika mafuta, na mafuta hayo hulazimika kupenya kwenye matundu madogo yenye vali. Matundu yakiwa finyu shokapu huwa ngumu, yakiwa mapana huwa laini. Nguvu ya mneso hugeuka kuwa joto, ndiyo maana shokapu ikiguswa baada ya safari ya barabara mbovu huwa ya moto.

Kutotofautisha vifaa hivyo viwili huwagharimu watu fedha nyingi. Mtu huona gari lake limeshuka nyuma, akanunua shokapu mpya, kisha akashangaa kuona gari liko palepale. Shokapu ya kawaida haiinui gari. Kilichochoka ni springi.

Aina mbili, na ya tatu isiyotajwa

Saspensheni ya kispoti ni rahisi kuieleza. Springi zake ni fupi na ngumu zaidi, shokapu zake zimekazwa, na vile vyuma vinavyozuia gari kulala upande mmoja kwenye kona ni vinene. Mara nyingi huambatana na rimu kubwa na matairi yenye ukuta mwembamba. Haina kompyuta. Ugumu uliochaguliwa na wahandisi kiwandani ndio utakaotumika kwenye lami laini na kwenye makorongo ya kijijini.

Faida zake ni za kweli. Gari halilali kwenye kona, haliinamishi pua breki zinapokanyagwa, na usukani hujibu mara moja. Kwa barabara kuu za Ujerumani au za Japani, ambako lami hukarabatiwa kabla shimo halijawa shimo, mpangilio huo una maana. BMW za mfululizo wa 5 zilizoingia sokoni mwaka 2003, kwa mfano, zikiagizwa na saspensheni ya M Sport hukaa chini takriban milimita 15 kuliko za kawaida. Mnunuzi wa Munich hufurahia milimita hizo 15. Mnunuzi wa Kinondoni huzilipia kwenye kila tuta.

Saspensheni inayojirekebisha hutumia shokapu ambazo ugumu wake hubadilishwa kwa umeme gari likiwa linatembea. Vihisi huipa kompyuta taarifa za mwendo wa bodi, za usukani na za breki, nayo huamuru vali za kila shokapu zifunguke au zibane. Dereva huwa na kitufe cha kuchagua mwenendo, wa starehe au wa kispoti, lakini hata asipokigusa mfumo huendelea kujipanga wenyewe.

Teknolojia hiyo si ngeni kama wauzaji wanavyopenda ionekane. Toyota iliingiza shokapu zinazoongozwa kwa umeme kwenye gari lake la Soarer mwaka 1983, kwa jina la TEMS, na baadaye ikaja na mfumo wa AVS unaopatikana kwenye baadhi ya matoleo ya Crown na Mark X. Mwaka 2002 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza Seville STS yenye shokapu zilizojazwa mafuta yenye chembechembe za chuma. Sumaku ya umeme ikiwashwa, mafuta hayo huwa mazito papo hapo.

Yapo magari ya aina ya tatu, yale yanayobebwa na upepo badala ya springi za chuma. Mercedes-Benz ya daraja la S iliyotoka mwaka 1998 ilikuja na mfumo huo kwa jina la AIRMATIC. Crown Majesta iliyotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2009 nayo ina saspensheni ya upepo. Wauzaji wengi huyaweka magari haya kapu moja na yale ya shokapu za umeme, na hapo ndipo makosa makubwa ya ununuzi yanapoanzia.

Shokapu ya umeme iliyo kwenye springi ya chuma hubadilisha ugumu tu, haibadilishi kimo cha gari. Kitufe cha starehe hakiliinui gari hata milimita moja. Saspensheni ya upepo, kwa upande wake, inaweza kuliinua gari kwa sentimita chache pale dereva anapobonyeza kitufe, na hulirudisha nyuma ya gari kwenye kimo chake hata buti likijazwa mizigo. Kwa mtu anayekwenda mlimani, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kutoka Chalinze hadi mlimani

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe ni ya takriban kilomita 300, nayo huijaribu saspensheni kwa namna tofauti kila baada ya muda mfupi.

Baada ya Chalinze lami hunyooka, na magari huongeza mwendo. Hapa gari la kispoti hujisifu. Lori likipita upande wa pili na upepo wake ukalisukuma gari, au dereva akilazimika kukwepa ghafla, bodi iliyokazwa hutulia upesi. Saspensheni inayojirekebisha iliyo nzima hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa kompyuta huzibana shokapu mwendo unapopanda. Gari lenye shokapu zilizochoka, ziwe za aina yoyote, ndilo la kuogopwa katika sehemu hii: huyumba, hurukaruka kwenye mabonde ya lami, na matairi yasiyotulia ardhini huongeza umbali linaohitaji kusimama.

Kisha huja vijiji na miji midogo: Mbwewe, Mkata, Kabuku, Michungwani. Mwendo wa kisheria kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na matuta yapo kuwakumbusha wanaosahau. Tuta kubwa halitaki ugumu wala ulaini peke yake. Linataka nafasi, yaani umbali ambao springi inaweza kujikunja kabla haijafika mwisho. Gari lililoshushwa milimita 15 limekwisha poteza sehemu ya umbali huo kabla halijatoka nyumbani. Likiwa na watu watano na buti lenye magunia, hupoteza sehemu nyingine. Kinachobaki huisha katikati ya tuta, na mlio unaosikika ni wa shokapu kugonga mpira wake wa kizuizi, au wa tumbo la gari kugonga saruji.

Vile vituta vidogo vya mfululizo vinavyotangulia tuta kubwa ni mtihani mwingine. Havihitaji nafasi bali wepesi. Shokapu ngumu huupitisha mtetemo wote kwenye bodi. Ile ya umeme hufungua vali zake na kuumeza. Ni hapa ambapo abiria wa kiti cha nyuma, hasa mzee au mtoto mgonjwa, huijua tofauti ya saspensheni bila kusoma kitabu chochote.

Baada ya Korogwe, mji ulio kwenye bonde la mto Pangani, safari hubadilika kabisa. Barabara za kupanda Usambara kwa sehemu kubwa ni za udongo. Wakati wa kiangazi zina vumbi na mikunjo midogo midogo kama ya bati. Wakati wa masika, na tena wakati wa vuli inayoangukia karibu na sikukuu za Desemba, huwa na utelezi, mifereji iliyochimbwa na maji na mawe yaliyochomoza.

Kwenye mikunjo ya bati kuna jambo linalowashangaza madereva wengi waliozoea kuamini kwamba gari gumu ndilo salama. Shokapu iliyokazwa mno hairuhusu gurudumu kushuka haraka ndani ya kila mkunjo. Tairi hugusa vilele tu na kupita juu ya mabonde, hivyo kwa sehemu ya muda halipo ardhini. Kwenye kona ya mlimani yenye changarawe, gari hilo huanza kuteleza kwenda pembeni kabla lile laini halijateleza. Ukakamavu uliolifanya lionekane imara pale Chalinze ndio unaoliponza huku.

Zaidi ya hapo, kwenye mifereji na mawe, hata shokapu za umeme huwa hazina la kusema. Mwendo ni wa taratibu mno kiasi kwamba kompyuta haina cha kurekebisha. Yanayotawala ni mawili: kimo cha gari kutoka ardhini na unene wa ukuta wa tairi.

Crown mbili, jina moja

Hakuna gari linaloeleza suala hili vizuri kuliko Toyota Crown ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani Desemba 2003 na kuendelea hadi mwaka 2008. Crown hiyo ilitengenezwa kwa sura mbili, Royal na Athlete. Royal ilikusudiwa mtu mzima anayetaka utulivu. Athlete ilikusudiwa mwenye kupenda kuendesha, na saspensheni yake ilikazwa. Kwenye yadi za magari huegeshwa bega kwa bega, na wengi hutofautisha kwa kuangalia grili na taa za nyuma.

Kinachopaswa kuangaliwa kiko chini zaidi. Royal nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 215/60 kwenye rimu za inchi 16. Athlete zilikuja na 225/45 kwenye rimu za inchi 18. Namba hizo zina hesabu ndani yake. Namba ya pili ni asilimia ya namba ya kwanza, hivyo ukuta wa tairi la Royal una kimo cha milimita 129, na wa Athlete milimita 101. Kwa nje magurudumu hayo yanalingana karibu kabisa, ila Royal ina milimita 28 zaidi za mpira na upepo kati ya jiwe na rimu.

Milimita hizo 28 ndizo zinazoamua kama shimo lililofichwa na maji litaishia kuwa mshtuko au rimu iliyopasuka. Aidha, tairi la inchi 16 ni rahisi kulipata kwenye miji ya mikoani kuliko la inchi 18 lenye ukuta mwembamba, jambo ambalo huonekana dogo hadi mtu anapokwama Jumapili jioni.

Habari njema kwa aliyekwisha nunua Athlete ni kwamba rimu hubadilishwa. Akihakikisha zinaingia bila kugusa breki, na kipenyo cha nje cha tairi kikabaki kama kilivyokuwa, atapata sehemu kubwa ya ulaini wa Royal kwa gharama ndogo kuliko marekebisho yoyote ya saspensheni. Muonekano utapungua ukali, hilo halina ubishi.

Toyota yenyewe iliachana na majina hayo ya Royal na Athlete kwenye Crown ya mwaka 2018. Kwa Mark X, iliyouzwa kuanzia Novemba 2004 hadi mwisho wa mwaka 2019, ya kuchunguzwa kwa makini ni matoleo yenye jina la S Package. Hayo ndiyo aghalabu yenye rimu za inchi 18 na shokapu za umeme za AVS; matoleo ya kawaida yana shokapu za kawaida na matairi manene zaidi.

Wazee wanaokumbuka mbio za East African Safari hawatashangazwa na hoja hii. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell, alishinda mbio hizo mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiendesha Peugeot 404. Lilikuwa gari la familia, lenye springi laini zenye nafasi kubwa ya kujikunja na matairi yenye ukuta mnene. Neno spoti halikuandikwa popote kwenye bodi yake.

Umri ndio swali

Mnunuzi wa Tanzania hachagui saspensheni kama mnunuzi wa Tokyo au Stuttgart. Yule aliweka alama kwenye fomu ya kiwanda, akalipia, akapata kifaa kipya. Huyu anachagua kati ya maamuzi yaliyokwisha fanywa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita, na kifaa anachokipata kimekwisha tumika.

Sheria za nchi jirani zina nafasi katika jambo hili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania huruhusu magari makuukuu, ila hutoza ushuru wa ziada kulingana na umri. Matokeo yake ni kwamba sedani za kifahari zinazouzwa Dar es Salaam zimo nyingi ambazo shokapu zake za umeme, kama ni zile za awali, zimefika mwisho wa maisha yake au zimekwisha kupita.

Shokapu ya umeme huharibika kama nyingine yoyote, kwa kuvuja mafuta, na juu ya hapo ina waya, soketi na vali vinavyoweza kufa vyenyewe. Mpya huuzwa mara kadhaa ya bei ya shokapu ya kawaida, na hubadilishwa mbili kwa mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Zile za mtumba zinazopatikana kwenye maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala ni bahati nasibu, kwa kuwa zilitolewa kwenye gari lenye umri uleule.

Ndiyo maana mafundi wengi huwashauri wateja wafunge shokapu za kawaida na kuziacha nyaya zikining'inia. Ushauri huo si mbaya kwa gari lenye springi za chuma, mradi shokapu hizo ziwe za modeli ileile. Ubaya huja pale gari hilo linapouzwa kwa mtu mwingine kama lenye saspensheni inayojirekebisha. Kitufe kipo, taa ya kitufe inawaka, lakini hakuna kinachobadilika chini. Wengine hufikia hatua ya kuondoa balbu ya tahadhari kwenye dashibodi.

Kuugundua mchezo huo hakuhitaji vifaa vingi. Swichi ikiwashwa kabla ya injini kuwaka, taa zote za tahadhari zinapaswa kuonekana na kisha kuzimika. Taa isiyoonekana kabisa ni ya kutiliwa shaka zaidi kuliko inayowaka. Kwenye magari mengi, boneti likifunguliwa, waya wa shokapu ya umeme huonekana ukiingia kwenye kichwa cha shokapu. Usipokuwapo, au ukiwa umefungwa kwa gundi ya karatasi pembeni, jibu limepatikana. Kisha gari lipelekwe kwenye barabara yenye vituta vya mfululizo, lipite mara mbili kwa mwendo uleule, mara ya kwanza kitufe kikiwa kwenye starehe na ya pili kwenye spoti. Mfumo mzima ukiwa unafanya kazi, hata aliyeketi nyuma ataisikia tofauti.

Ile desturi ya kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linanesa mara ngapi haitoshi. Huifichua shokapu iliyokufa kabisa, lakini ile iliyobakiza nusu ya uwezo wake hupita mtihani huo bila tabu. Alama za kuaminika zaidi ni mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye mwili wa shokapu, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde badala ya kulika sawasawa.

Kwa magari ya upepo tahadhari iwe kubwa zaidi. Mifuko ya mpira inayobeba gari hupasuka nyufa kwa umri na joto. Ufa mdogo huvuja polepole, kompresa hulazimika kujaza upepo mara kwa mara, na mwishowe huungua yenyewe. Dalili ya kwanza huonekana asubuhi: gari lililoegeshwa likiwa sawa hukutwa limeinama kona moja. Muuzaji anayesisitiza kuliwasha gari kabla mnunuzi hajafika pengine anajua sababu.

Mfuko ukipasuka katikati ya mlima, gari hukaa juu ya matairi yake na safari huishia hapo, jambo ambalo springi ya chuma hulifanya kwa nadra sana. Kwa hiyo ule uwezo wa kuinua gari, ambao ndio ungefaa zaidi kwa njia ya Bungu, umo kwenye mfumo usiofaa kuaminiwa mbali na fundi unapokuwa umezeeka. Wapo waliobadilisha mifuko hiyo kwa springi za chuma. Gari hupona, ila hubaki na kimo kimoja na hupoteza ulaini lililotengenezewa.

Kwa mizani hiyo, mnunuzi ambaye maisha yake ni ya mjini lakini moyo wake uko milimani ana mpangilio ulio wazi. La kwanza ni gari lenye springi za chuma na shokapu za umeme zilizothibitishwa kuwa nzima, likiwa na rimu ndogo. La pili, na kwa wengi ndilo la busara kwa kuwa haliwezi kuwaghilibu, ni lile la kawaida kabisa lisilo na jina lolote la kujivunia kwenye saspensheni. La kispoti lifuate baada ya hapo, na la upepo lililozeeka liachiwe mwenye gari jingine la kusafiria.

Kuna marekebisho mawili ya mitaani yanayopaswa kuepukwa. Moja ni kukata springi ili gari lishuke na kuonekana la kispoti. Springi iliyokatwa huwa ngumu bila mpangilio, na inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu linapining'inia. Jingine ni kinyume chake, kuweka vipande vya mpira au alumini ili gari liinuke. Vipande vyembamba vilivyotengenezwa kwa modeli husika vina nafuu, lakini vikirundikwa hubadilisha pembe za magurudumu na za ekseli, matairi hulika upande mmoja, na gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona zilezile za mlimani ambako lilitakiwa liwe salama.

Mvua zikiwa kubwa, hakuna sedani ya kifahari, ya kispoti wala ya kujirekebisha, inayostahili kupandishwa. Wenye kuijua njia huliacha gari Korogwe kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni yenye uzio, wakapanda magari ya juu yanayokwenda huko. Hilo halimpunguzii mtu heshima mbele ya wazee.

Kwa wanaopanda wakati wa kiangazi, upepo wa matairi ujazwe kwa kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mizigo mizito isukumwe mbele karibu na kiti cha nyuma, na kitufe, kama kipo na kinafanya kazi, kibaki kwenye starehe. Baada ya kurudi mjini gari liinuliwe kwa jeki na kila tairi lizungushwe polepole, upande wa ndani ukitazamwa kwa tochi. Uvimbe unaotokana na tairi kubanwa kati ya jiwe na rimu mara nyingi hutokea upande huo, ambako mwenye gari lililoegeshwa hawezi kuuona, na tairi lenye uvimbe huo halifai tena kwa mwendo wa barabara kuu.